Faili la Word lililogoma kupungua hata baada ya kuzipiwa

Faili lilizidi kikomo cha MB 25 cha viambatisho vya Gmail, na kulizipu (kulibana liwe dogo) hakukusaidia. Sababu: docx, yaani faili la Word, yenyewe tayari ni zipu. Chukua nakala, badilisha .docx iwe .zip, fungua folda word/media. Uzito wote uko pale, picha za simu zikiwa nzima hata zile ulizopunguza kingo.

Nilitatua ndani ya Word. Bofya picha, nenda Picture Format, kisha Compress Pictures. Ondoa tiki kwenye Apply only to this picture (ukiisahau, inapungua picha moja tu), weka tiki kwenye Delete cropped areas, chagua 150 ppi (pikseli kwa inchi), hifadhi kwa jina jipya. Kingo zilizofutwa hazirudi, kwa hiyo tunza faili la awali.

Mafaili ya zamani ya .doc yenye maandishi matupu, hayo yazipu tu, yanapungua sana.