Miaka 15 na saini ya baba

Hivi mnajua Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 aolewe, mzazi akikubali tu basi, wakati kwa mvulana umri wa kawaida ni 18? Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, akaenda Mahakama Kuu kuipinga akashinda 2016, serikali ikakata rufaa (eti!), Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, vibadilishwe.

Mi kinachoniuma zaidi ni leba jamani. Binti wa miaka 15 nyonga haijakomaa, uchungu unaenda siku mbili tatu, kichwa cha mtoto kimekwama palepale kinabana kibofu mpaka nyama inakufa, akitoka hapo ana fistula, yaani tundu kwenye kibofu, mkojo unavuja usiku na mchana, godoro limeloa, na mume mara nyingi ashasepa. Inatibika lakini, hospitali ya CCBRT pale Dar wanafanya oparesheni hizo.

Na shule je? Ni Novemba 2021 tu ndo serikali ikaruhusu waliojifungua warudi darasani, afu kichanga anabaki na nani, muulize bibi yake.