Krismasi ya Marangu na kilo zangu nane

Nilianza kujipunguza mwezi Agosti nikiwa na kilo 94. Kufika katikati ya Desemba mizani ilisoma 86, na hapo ndipo hofu iliponiingia. Sisi Wachagga Desemba tunapanda nyumbani, na kwetu Marangu mgeni hapokelewi kwa salamu tupu. Miaka yote nilikuwa nikirudi Dar na mashati yanayokataa vifungo.

Basi lilitoka Mbezi alfajiri. Korogwe likasimama, watu wakashuka, wakarudi na chipsi kuku na soda. Mimi nilichukua mayai mawili ya kuchemsha, kachumbari na machungwa. Soda niliiacha kwa hesabu rahisi tu: chupa ya mililita 350 ina sukari inayozidi gramu 30, kama vijiko saba vya chai, na mtu aliyekaa kwenye kiti kutwa nzima ataitumia wapi? Harufu ya chipsi za jirani ilinitesa mpaka Same, lakini nilishuka Himo salama.

Barabara ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa shangazi.

Aliponiona tu akanishika mkono, akaupima kwa vidole. "Mwanangu, unaumwa?" Kwetu mtu mzima akikonda hawamuulizi anakula nini, wananong'ona amepatwa na nini. Nikababaika, nikasema ni vidonda vya tumbo. Sijawahi kuchagua uongo mbaya kama ule. Kesho yake asubuhi akaja na sufuria la mtori, eti ndio unaolainisha tumbo, akasimama pembeni mpaka nikamaliza bakuli la pili. Jioni akaja na lingine. Mtori wa shangazi una ndizi, nyama na siagi isiyopimwa.

Siku ya tatu nikamweleza ukweli. Presha ilikuwa imepanda, daktari kanitaka nitoe kilo 10, chakula chake nakipenda ila naomba anipakulie kidogo. Akanyamaza. Halafu akasema, "Marehemu baba yako naye alikuwa na presha, na hakumsikiliza mtu." Tangu hapo yeye ndiye akawa mlinzi wangu. Mtu akinisogezea sahani ya pilau, shangazi anaivuta kwake bila maelezo.

Kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka nilijitolea kuchoma nyama, nikidhani aliye motoni hali. Kumbe mchomaji huonja kila upande wa mbuzi! Siku ile nilizidisha, sifichi. Afadhali ilikuwa nyama na kachumbari, maana ndizi za kukaanga zilikuwa meza ya mbali.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, haikunisumbua kama nilivyotarajia. Kata inazunguka, unapiga funda moja unampa wa pembeni, na hakuna anayehesabu. Bia ndiyo mtego, kwa sababu chupa ni yako peke yako, na ukiimaliza tu unakuta nyingine imeshafunguliwa mbele yako. Nikawa naiacha yangu nusu mpaka muziki unazimwa. Watu wanaangalia kama una chupa. Hawaangalii imebaki kiasi gani.

Cha kuchekesha, mazoezi yalinijia bila kupanga. Kila asubuhi nilitumwa dukani Marangu Mtoni, nikateremka na kupanda mlima kwa miguu nikiwa nimebeba sukari ya chai ya watu wengine. Yangu nilikunywa ya tangawizi, bila sukari. Siku mbili za kwanza ilikuwa chungu kama dawa, baadaye nikazoea.

Januari 3 nilipanda mizani Dar: 86.8. Nikapiga simu nyumbani kusema nimefika salama. Shangazi hakuuliza habari za safari.

"Umepima?"