Frikiki 30, mbili tu zimelenga goli

Jioni hii vijana wamejaribu frikiki kama 30 hivi. Nyingi zimeishia kwenye miembe nyuma ya goli.

Wote walikuwa wanamuiga Juninho Pernambucano.

Kwa wadogo zetu: ni mtoto wa Recife, Brazili. Alibeba Libertadores (klabu bingwa Amerika Kusini) ya 1998 na Vasco da Gama, akatua Lyon 2001. Ubingwa wa Ufaransa mara 7 mfululizo! Mabao 100 pale Lyon, 44 ya frikiki.

Siri ni mpira usiozunguka.

Kaza kifundo cha mguu kama ubao. Piga katikati kabisa ya mpira, kwa ule mfupa ulio juu ya kidole gumba. Ukishagusa, mguu usiufuate mpira, ukatishe hapo hapo. Mpira usipozunguka, hewa inauyumbisha huku na huku. Kipa anaanza kwenda kulia, wenyewe umeshabadili mawazo.

Vijana walikuwa wanalala nyuma na kuuchota kwa chini. Hapo lazima upae. Ukiugusa pembeni kidogo tu, unazunguka, na kipa anausoma. Ukiupiga taratibu nao hauyumbi.

Februari 2009, dhidi ya Barcelona, Juninho alikuwa na frikiki kushoto, karibu na mstari wa pembeni. Pale kila mtu anasubiri krosi, jamani.

Ukaingia moja kwa moja. Valdés wa Barcelona huyo, si kipa wa mchangani.

Haya, frikiki yenu bora ni ipi? Na nani hapa anaweza kuupiga usizunguke?