Kitu Cheusi Ubavuni mwa Jiwe

Mwaka 2016, nikiishi Nairobi, jirani yangu aliyekuwa akihama aliniuzia tangi lake la maji ya chumvi la lita 300, pamoja na samaki wanne na mawe yaliyojaa viumbe vidogo ambavyo hata yeye hakuwahi kuvihesabu. Kwa kuwa nilizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, nilijiona nisiyeweza kubabaishwa na chochote kitokacho baharini. Majivuno hayo yalidumu siku tisa.

Usiku wa kumi, baada ya kuzima taa za tangi, nilirudi kuchukua miwani yangu na nikaona kitu kikitambaa ubavuni mwa jiwe. Kilikuwa na urefu wa kidole cha kati, cheusi chenye madoadoa ya kijivu, na mwili wake wote ulikuwa umesimamisha vijinyama vyembamba vyenye ncha nyeupe, mfano wa miiba isiyochoma. Mbele kilinyoosha pembe mbili nyororo, zikipapasa njia. Gamba sikuliona, wala ilipofika asubuhi sikukiona chenyewe.

Muuzaji mmoja wa samaki wa mapambo alinishauri nitie dawa yenye shaba, akidai kwamba itasafisha kila kitu nisichokijua. Kusafisha ingesafisha kweli, kwa maana shaba huua konokono, kamba, kaa na matumbawe kwa kiwango ambacho samaki hukistahimili. Na ikiisha kunywewa na mawe, huendelea kurudi majini kidogo kidogo kwa muda mrefu. Nilimshukuru nikaondoka. Hata hivyo hofu yangu ilikuwa na msingi: konokono wengi wa baharini wasio na gamba la nje hula chakula cha aina moja tu na hufa njaa wakikikosa, na wapo ambao wakitishwa humwaga wino wa zambarau, jambo lisilofaa katika maji machache kama yale.

Nikaamua kuangalia kwanza. Nilifunika tochi kwa plastiki nyekundu, kwa sababu wanyama wengi wa usiku hawaushtukii mwanga huo, nikakaa mbele ya kioo usiku nne mfululizo nikiandika katika daftari. Mgeni wangu alitoka baada ya giza tu. Alikwangua mwani juu ya mawe, akamega sifongo la rangi ya machungwa lililoota chini ya jiwe moja, na usiku wa tatu akaangusha tumbawe dogo nililokuwa nimeliegesha tu, kana kwamba lilikuwa kopo tupu. Kiumbe laini vile alipata wapi nguvu hizo?

Usiku wa nne nilimpigia simu mjomba wangu, ambaye ujanani aliokota makombe mwambani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona usiku usiku, kuna msiba?"

Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimemshika kwa mkono, na nilipokana akapumua. Alikuwa akimhofia yule konokono mwenye gamba la umbo la pia, ambaye huchoma kwa mshale wa sumu na baadhi ya aina zake zimewahi kuua watu.

"Chukua kijiti," akasema. "Mguse ubavuni, polepole, kisha uniambie umeona nini."

Nilimgusa. Lile tabaka jeusi la nyama likapasuka katikati ya mgongo, likaanza kujikunja kushuka pande zote mbili kama pazia, na chini yake likatokea gamba jeupe lenye madoa meusi na ya kahawia, linalong'aa kama limepakwa mafuta.

"Mjomba," nikasema, "ni dondo!"

Alicheka mpaka akakohoa. Babu yetu alikuwa fundi wa kanzu, na dondo lake, gamba la kauri kubwa alilolitumia kulainishia mishono, lilikaa kwenye mtoto wa meza ya cherehani yake miaka yote ya utoto wangu. Nililichezea pengine mara mia, na kumbe sikuwa nimewahi kuwaza kwamba ndani yake aliwahi kukaa mtu wa kulivaa kwa nje.

Kumtunza hakukuwa kazi kubwa. Nilibandika mawe na matumbawe yasianguke, nikafunika mdomo wa pampu kwa wavu, nikamfungia vipande vya mwani mkavu kila jioni. Maji yalipopungua kwa kukauka niliongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipai na mvuke, nikabakiza kipimo cha chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na wa maji yasiyo na chumvi) karibu na 1.025. Kilichonisumbua ni baridi ya Julai: umeme ulipokatika, kipasha maji kilizimika, nami nikalivika tangi mablanketi kama mgonjwa.

Desemba nilikwenda Mombasa. Cherehani ilikuwa bado ukumbini, na dondo lilikuwa mahali pake. Mgongoni lina mstari wa rangi ya kahawia, uliopinda kidogo, ambao tangu utotoni niliamini kwamba ulichongwa na nyuzi za Babu. Niliupitisha kidole taratibu, kutoka ncha hadi ncha. Ndipo yale mapazia mawili yalipokuwa yakikutana.