Diski Iliyojaa Huku Asilimia 85 Ikiwa Tupu

Ilikuwa mwaka 2014, asubuhi, katika chumba cha skana jijini Dar es Salaam. Tulikuwa tukiskani daftari kubwa za zamani, ukurasa mmoja mmoja, saizi ya A3. Dada aliyekuwa zamu akaniita: "Kaka, hebu njoo. Inasema diski imejaa."

Nikaandika `df -h`, amri inayoonyesha nafasi ya diski iliyotumika. Diski ya GB 500, iliyotumika ni asilimia 15.

Kilichotupoteza kwa karibu saa nzima ni faili la logi, ambamo programu huandika kila inachofanya. Programu ya skana ilikuwa inakataa kuhifadhi ukurasa mpya, lakini logi yake, iliyokaa kwenye diski hiyohiyo, iliendelea kuandikwa na kurefuka. Diski ikijaa kwelikweli, hata logi husimama. Basi nikajaribu vitu vitatu. `touch jaribio`, ya kuunda faili jipya tupu, ikakataa. `ln -s`, yaani njia ya mkato, ikakataa. `ln` ya kawaida, ya kuongezea faili lililopo jina la pili, ikakubali bila neno.

Majibu hayo matatu yanatosha kujua tatizo liko wapi, ukiujua muundo. Katika Unix, tangu enzi za Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs, jina la faili halikai pamoja na faili. Saraka (folda) ni orodha ya majina, kila jina na namba yake. Namba inaelekeza kwenye inodi, na inodi ndiyo inayobeba mengine yote: mwenye faili, ruhusa, ukubwa, nyakati, idadi ya majina yanayoielekea, na mahali zilipo bloku, yaani vipande vya diski vinavyobeba data. Faili jipya linataka inodi mpya. Njia ya mkato nayo inataka inodi yake. Jina la pili linataka mstari mmoja tu ndani ya saraka. Na logi ilikuwa na inodi yake tangu zamani, ikihitaji bloku tu, na bloku zilikuwepo tele.

`df -i`, inayohesabu inodi badala ya bloku, ikathibitisha: inodi zimetumika asilimia 100.

Aliyeiandaa diski aliunda juu yake mfumo wa faili wa ext4 kwa amri ya `mkfs.ext4 -T largefile`, inayotenga inodi moja kwa kila MiB 1. Hakukosea kwa uzembe; aliona TIFF, yaani faili za picha za skana, za MB 52 kila moja, akaokoa nafasi. Kwa kipimo cha kawaida, inodi moja kwa kila baiti 16,384, diski ile ingepata inodi zaidi ya milioni 30, na kwa baiti 256 kila moja zingekula GB 7.8. Yeye alipata inodi kama 477,000 hivi. Ila baadaye mradi uliongeza programu ya kukata kila ukurasa vipande vya pikseli 256 kwa 256 ili usomeke haraka kwenye kivinjari. A3 kwa dpi 300 ni pikseli 3,508 kwa 4,961: vipande 280 kwenye ngazi ya juu, kisha, picha ikipunguzwa nusu kila ngazi, 70, 20, 6, 2 na 1. Jumla 379. Ongeza TIFF yenyewe, faili la maelezo na saraka saba, unapata inodi 388 kwa ukurasa. Tulikwama kwenye ukurasa wa 1,200 na kitu, kama hesabu inavyodai.

Ext4 hupanga inodi siku mfumo wa faili unapoundwa, na haziongezeki mpaka uukuze mfumo wenyewe. XFS, mfumo mwingine wa faili, huzitengeneza kadiri zinavyohitajika, na naona huo ndio uamuzi sahihi. Kinachoniuma zaidi ni kosa lenyewe: bloku zikiisha unapewa ENOSPC, msimbo wa "nafasi imeisha"; inodi zikiisha unapewa ENOSPC ileile. Mtumiaji anayevuka mgao wake wa diski ana msimbo wake, EDQUOT. Kwa nini upungufu wa inodi usiwe na wake? Kosa linapaswa kumwambia mtu ni kitu gani kimepungua, maana dawa ni tofauti.

Dawa yetu ilikuwa kunakili data nje, kuunda mfumo wa faili upya, na kuirudisha. Jioni nikaleta diski ya USB yenye exFAT, mfumo wa faili wa Microsoft, nikaiacha `cp -r`, amri ya kunakili saraka nzima, ifanye kazi. Kulipokucha nilikuwa nimebakiza amri ya `mkfs` tu. Kabla ya kubonyeza nikaendesha `stat`, inayosoma inodi ya faili, kwenye TIFF moja, asili na nakala. Asili: mtime (wakati data ilipobadilishwa mara ya mwisho) ya Februari, mwenye faili ni skana2. Nakala: mtime ya jana usiku, mwenye faili ni root, msimamizi mkuu wa kompyuta. Nilitoa mkono kwenye kibodi.

Programu ya skana haikuandika tarehe ndani ya TIFF. Nani aliskani ukurasa gani na lini, ushahidi pekee ulikuwa kwenye inodi. `cp -r` haihifadhi mtime, na hata ningetumia `cp -a`, exFAT haina mahali pa kuandika mwenye faili. Halafu klasta zake, yaani kipimo kidogo kabisa inachotengea faili, kwenye diski kubwa kwa kawaida ni KB 128, kwa hiyo vipande vya KB 12 vilivyopaswa kula GB 6 vilikuwa vimekula GB 61.

Nikafuta nakala ile, nikaanza upya kwa tar, programu inayofunga faili nyingi pamoja na taarifa za inodi zao ndani ya faili moja kubwa, juu ya exFAT ileile:

`tar --format=posix --xattrs --acls --numeric-owner -cpf /mnt/nje/data.tar .`

Fomati ya posix ni muhimu, kwa kuwa ile ya zamani ya GNU huandika mtime kwa sekunde nzima tu. Kisha `tar -d`, inayolinganisha faili la tar na diski faili kwa faili, ikakaa kimya. Ctime, wakati inodi ilipobadilishwa mara ya mwisho, haikuokoka: kerneli, kiini cha mfumo endeshi, huiandika yenyewe na hakuna amri ya kawaida ya kuirudisha.

Tukaunda mfumo wa faili kwa kipimo cha kawaida, tukafungua tar, tukaendesha `tar -d` tena. Saa tisa alasiri dada akaweka ukurasa uliofuata kwenye kioo. `df -i` ilisoma asilimia 2.