Flapu ngapi ukitua Manda? Kusi, kaskazi na Cessna 172

Wanafunzi wa urubani wakifika pwani, kwenye viwanja kama Manda karibu na Lamu, huuliza swali lilelile: flapu zishushwe zote au nusu? Jibu linaanza na upepo, linafuata urefu wa barabara ya kutua. Mazoea hayamo. Anayeshusha nyuzi 30 kila siku kwa sababu ndivyo alivyozoea atatua salama miezi mingi, kisha upepo wa kaskazi wa Januari umsukume hadi ukingoni mwa lami.

Nitatumia Cessna 172S kwa mifano, maana ndiyo ndege ambayo wengi wamejifunzia. Kama yako ni modeli nyingine, kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho. Zile 172 za zamani zinashuka hadi nyuzi 40, na ndege nyingi za Piper hushusha flapu kwa wenzo wa mkono badala ya mota.

Flapu ni kile kipande cha nyuma ya bawa, upande wa ndani karibu na mwili wa ndege. Kikishuka, bawa linapinda zaidi na kuweza kubeba ndege kwa kasi ndogo. Kwenye 172S yenye uzito kamili, bawa lisilo na flapu zilizoshushwa linaacha kubeba ndege kwenye knoti 48. Flapu zikiwa nyuzi 30 linavumilia hadi knoti 40. Lakini nyuzi hazilingani kwa kazi. Zile 10 za mwanzo zinaongeza nguvu ya kubeba bila kukuzuia sana. Kutoka 20 kwenda 30 unachopata hasa ni ukinzani: ndege inashuka kwa mteremko mkali bila kuongeza kasi, na pua inalala ukaiona barabara vizuri.

Kasi kwanza, swichi baadaye. Nyuzi 10 zinaruhusiwa kuanzia knoti 110 kushuka chini. Kwa flapu zaidi ya nyuzi 10, kikomo ni knoti 85, yaani ule mwisho wa juu wa upinde mweupe kwenye saa ya kasi. Ukishusha ukiwa na kasi zaidi, huenda usione kitu siku hiyo, lakini reli na vyuma vinavyosukuma flapu vinapinda kidogo kidogo.

Ukiwa sambamba na mwanzo wa barabara, futi 1,000 juu, punguza injini hadi mizunguko kama 1,500, shikilia kimo mpaka kasi ishuke, ndipo utoe nyuzi 10. Pua ya Cessna itainuka. Usiisubiri: sukuma usukani mbele mkono mwingine ukiwa bado kwenye swichi, kisha weka trimu, yaani kirekebishi kinachokuondolea uzito kwenye usukani. Lenga knoti 80. Ukishakata kona ya kwanza, nyuzi 20 na knoti 70 hadi 75. Baada ya kona ya mwisho, mabawa yakiwa sawa, ndipo uamue kama 30 inahitajika.

Flapu zisiguswe ndani ya kona. Sababu ni moja: upande mmoja ukishuka na mwingine ukakwama, ndege inajiviringisha, na ukiwa tayari umeinama futi 500 juu ya mikoko huna nafasi. Likitokea mabawa yakiwa sawa, rudisha swichi palepale ilipokuwa, kisha utue na flapu ulizo nazo.

Sasa upepo. Barabara ya Manda ni 15 na 33, yaani inaelekea nyuzi 150 au 330 za dira, na hakuna nyingine. Kusi kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba inatoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo unatua 15 ukiikabili karibu usoni. Hapo nyuzi 30 ni sawa, ila kwa mipigo. Upepo wa knoti 16 unaopiga hadi 26 una tofauti ya 10. Ongeza nusu yake, 5, juu ya kasi yako ya kukaribia. Mipigo ikiwa mikali, ishia 20, kwa sababu bawa lenye flapu nyingi hurushwa juu na kila mpigo karibu na ardhi, na mpigo ukikatika linakuangusha.

Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, ndiyo yenye mtihani. Ikitoka nyuzi 050 kwa knoti 15, nawe unatua 33, tofauti ni nyuzi 80: karibu upepo wote unakupiga ubavuni. Kitabu cha 172S kinataja knoti 15 kuwa upepo wa ubavuni uliothibitishwa katika majaribio. Kwa maneno mengine, siku ya kawaida ya kaskazi, mchana ambapo upepo wa baharini unaiongezea nguvu, inakufikisha kwenye kiwango hicho. Hapo chukua nyuzi 10, au 20 ukiona barabara haitoshi. Ndege itakuja na kasi zaidi kidogo, eleroni, vile vipande vya karibu na ncha za mabawa vinavyoinamisha ndege, zitashika vizuri, na magurudumu yakigusa uzito utayakalia mapema. Tena, ukiinamisha bawa upande wa upepo na kukanyaga pedali ya upande wa pili, unateleza kiubavu. Cessna inaonya dhidi ya kuteleza hivyo flapu zikiwa zimepita 20, maana mkia unaweza kuanza kutikisika.

Swichi ikikataa kabisa, angalia kikata umeme chake, kirudishe mara moja tu, usikipiganie. Kutua bila flapu si dharura. Njoo knoti 65 hadi 75, mteremko uwe mlalo zaidi, na hesabu umbali wa asilimia 35 zaidi ya ule wa barabara fupi kwenye kitabu. Hesabu yake si siri: kutoka knoti 61 za kutua barabara fupi na flapu zote kwenda 70, nguvu ambayo breki zinapaswa kumeza inaongezeka karibu theluthi nzima. Pua itakuwa juu na ndege itaelea. Iache itulie yenyewe, usiisukume chini, maana gurudumu la mbele litagusa kwanza.

Ukighairi kutua, injini mwisho, flapu hadi 20 mara moja, shikilia knoti 60, kisha 10 ukishaanza kupanda, na sifuri ukifika 65 na umevuka miti. Asiyepandisha kutoka 30 atashangaa ndege haipandi. Anayepandisha zote kwa mkupuo atazama. Kwenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi, hewa ya Malindi au Manda ni nyepesi kama ya futi 1,800 kwa siku ya wastani, kwa hiyo usitegemee kupanda kama vitabu vinavyoonyesha kwa siku ya baridi.

Nimeacha chumvi mwisho, ingawa ndiyo inayonikera zaidi kwa sababu inapuuzwa. Ndege inayolala nje Malindi inapigwa na umande wa bahari kila usiku. Kabla ya kuruka, shusha flapu zote ukiwa chini, sikiliza mota: iwe na mlio mmoja, isinung'unike wala kusita. Simama nyuma ya mkia uhakikishe pande zote mbili zimelingana. Kisha inama chini ya kila bawa, tazama vigurudumu ndani ya reli, boliti za vyuma vinavyosukuma, na unga mweupe kwenye alumini, ambao ni dalili ya chumvi kuila. Shika ukingo wa flapu utikise taratibu. Mchezo kidogo ni wa kawaida, kugongagonga si kawaida. Osha reli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na grisi ipakwe pale tu fundi na mwongozo wa matengenezo wanapotaja. Ikizidi, mchanga unanasa humo na kusaga reli.