Huyu mapokezi ni nani?

Juzi mwanangu mkubwa kaja analia eti mdogo wake kamfutia katuni zake kwenye tivii, mdogo anaapa sio yeye, baba yao kimya macho kwenye simu. Nyumba nzima akaunti moja paswedi moja, sa nimhukumu nani? Nikawaambia mkalale. Mimi ndo usingizi ukakata, mawazo yakarudi Mji Mkongwe, Zanzibar.

Si mnaikumbuka ile gesti niliyokuwa nafanya kazi mapokezi. Wapokezi wanne, jina moja la kuingilia mtambo wa buking, mapokezi, paswedi moja imebandikwa kwa selotepu chini ya kibodi, mapokezi123, haijabadilishwa toka gesti inafunguliwa, hata yule kaka aliyeacha kazi kabla ya Ramadhani bado alikuwa nayo kichwani. Zamu inaingia zamu inatoka, hakuna anayelogauti, na tuliona raha kweli.

Mwezi wa saba, msimu wenyewe, chumba cha dola 90 kikaamka dola 9. Buking 11 za Agosti, wageni washalipia.

Bosi akatuita nyuma ya kaunta. Kahawa yake imepoa pembeni, kidole kinashuka kwenye skrini, orodha ya nani kabadilisha bei, mstari kwa mstari: mapokezi. Mapokezi. Mapokezi. "Huyu mapokezi ni nani?" Hakuna aliyecheka. Pembeni ya jina kuna saa, 23:20, yaani saa tano na dakika ishirini usiku, na zamu tunabadilishana saa sita. Macho yote kwa shoga yangu niliyempokea usiku ule. Akasema tu, "Wallahi bosi mimi bei sijaigusa," ncha ya mtandio anaikunja anaikunjua, anaikunja tena. Mimi nikashusha pumzi. Nilishusha pumzi, nisiwadanganye.

Akakatwa mshahara miezi miwili, wa tatu hakurudi.

Sasa mwezi wa tisa, usiku, buking inaingia mbele ya macho yangu, simu yangu inasema saa nne, ule mtambo umeandika saa tatu. Nikatazama tena. Kumbe unaandika saa za Ulaya, nyuma yetu saa nzima! Kwa hiyo saa tano na ishirini ya kule, kwetu ni saa sita na ishirini. Zamu yangu. Na usiku ule ukurasa wa bei niliufungua, hilo nakumbuka, kuna mgeni alipiga simu anauliza vyumba na mimi nasinzia, ila kama nilibonyeza kitu sikumbuki wallahi. Na yule kaka wa kabla ya Ramadhani naye, huko aliko, alikuwa na uwezo wa kuingia saa yoyote anayotaka.

Bosi sikumwambia habari ya saa. Nilimwambia tubadilishe paswedi kila mtu awe na yake, akasema wazo zuri, akaweka mapokezi1234.

Idi hii shoga yangu kanitumia salamu na picha ya mwanawe. Nikamwandikia ujumbe mrefu, nikausoma, nikaufuta wote, nikatuma "na wewe pia shoga".